Uliponizuia Kusilimu

Mpendwa Zaituni,

Asalaam aleikum. Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu mbili. Kwanza, wewe sasa ni mke wa mtu huko Tabora, na sitaki barua ya siri kutoka kwa mchumba wa zamani iingie nyumbani kwako na kuzua maswali. Mumeo akitaka, aisome yeye kabla yako. Pili, mabaya niliyokusema niliyasema wazi, hapa Mwanga, Kigoma, mbele ya mafundi cherehani wenzangu na wateja wao, kwa miaka tisa. Siwezi kuyafuta kwa kunong'ona.

Nilikuwa nasema hivi: "Dini ilininyang'anya mchumba." Mtu akiniuliza kwa nini sioi, hilo ndilo lilikuwa jibu langu, na watu walinihurumia. Wakristo walinihurumia kwa sababu ulikuwa Mwislamu. Waislamu walinihurumia kwa sababu walidhani baba yako alikuwa na roho ngumu. Nami nikapokea pole za pande zote mbili bila haya. Sikumweleza hata mmoja wao kilichotokea.

Unakumbuka siku uliyoleta kile kitambaa cheusi cha baibui? Nilikuahidi Ijumaa. Ukaniuliza, "Ijumaa ya kalenda au Ijumaa ya fundi?" Nikakwambia inshallah. "Basi ni ya fundi," ukasema, ukavuta kiti, ukakaa pale kibarazani mpaka nikamaliza pindo la mwisho. Ukweli ni kwamba inshallah ile sikuwa na haki nayo, lakini fundi ataahidi vipi bila hilo neno? Aseme "Ijumaa utaikuta, umeme ukiwepo"? Mteja gani ataacha kitambaa chake?

Mimi nilikuwa mtoto wa Kasulu, niliyebatizwa nikiwa mchanga na kufundishwa kusali na dada yangu mkubwa, Yustina, ambaye akianza kusali husahau Kiswahili chote na kubaki na Imana, Mungu wake wa Kiha. Wewe ulikuwa binti wa Ujiji, mwalimu wa chekechea asubuhi na wa madrasa jioni. Jumapili tulikwenda Kibirizi, ufukweni, kununua samaki aina ya migebuka. Adhuhuri ikifika uliingia kwa shangazi yako kuswali, mimi nakungoja nje na kapu, nawafukuza paka. Siku moja ulitoka ukaniuliza, "Na wewe wako humwombi?" Nikakujibu kwamba mimi na wangu hatujasalimiana siku nyingi. Ukacheka, ukadhani ni utani.

Haukuwa utani. Ila pia sikuwahi kugombana na Mungu. Watu hupenda kusikia kwamba kuna msiba ulionikatisha tamaa, au padri aliyeniudhi. Hapana. Nilikuwa kidato cha pili, kanisani, wenzangu wote wamefumba macho, nikajikuta nahesabu vifungo vya mgongoni mwa gauni la mama aliyekaa mbele yangu. Nikatambua kwamba nimekuwa nikihesabu vifungo kwa miezi mingi. Nikajisikiliza kama kuna mtu ninayezungumza naye. Sikusikia kitu, na wala sikuogopa. Tangu siku hiyo sisemi kwamba yupo, na sisemi kwamba hayupo. Sijui. Na hapa kwetu hilo neno halina mahali pa kukaa, maana mtu akikujua leo, kesho atakuuliza unasali wapi, na ukimjibu hujui ataona unamfanyia jeuri. Kwa hiyo nilinyamaza nikaendelea kushona. Idd na Krismasi zikikaribia, kanzu huku, majoho ya kwaya kule, hakuna mtu Mwanga anayeitumikia dini kuliko mimi.

Baba yako hakuwa na roho ngumu. Leo nataka watu wajue. Alinikaribisha ukumbini, akaniwekea kahawa, akasema, "Kijana wangu, mimi na wewe hatuna neno. Silimu, mke umepata."

"Nimekubali, Mzee," nikasema papo hapo. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Niliona ni kama kubadilisha kola ya shati. Shahada niliishika haraka, na mwalimu aliyepewa kazi ya kunifundisha akausifu ulimi wangu. Nikakata kanzu yangu na kujipima mwenyewe, kazi ambayo simtakii fundi yeyote. Dada Yustina alilia kwenye simu. Nikamwambia, "Dada, ni maneno tu." Nilidhani namfariji.

Ilikuwa Alhamisi, na nilitakiwa msikitini baada ya Alasiri. Saa sita mchana ukaja kibarazani, ukanikuta napiga pasi ile kanzu. Ukakaa kwenye kiti cha wateja. Hukusalimia.

"Leo utakapoyasema yale maneno," ukaniuliza, "utakuwa unamwambia nani?"

Nikacheka. "Namwambia baba yako."

Nilitegemea ucheke na wewe. Ukaniangalia tu, na macho yako yakajaa machozi. "Mimi nayasema kila siku," ukasema. "Nataka yawe ya mwisho kinywani mwangu siku nikifa. Wewe unayatoa kama nauli."

"Zai, nakupenda. Mengine nitajifunza."

"Unaamini?"

"Naweza kuamini."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Niliisahau pasi, ikaacha alama ya kahawia kwenye mkono wa kanzu. Ukasimama, ukaenda kwa baba yako, ukamwambia hakuna kusilimu na hakuna ndoa. Mama zako wadogo walikuwa wameshaanza kuchambua mchele. Baadaye nilisikia jinsi baba yako alivyokufokea. Alikwambia kijana mwenyewe amekubali, wewe nani wa kumfungia mlango? Mtaa mzima ulikushangaa, msichana wa umri wako kumkataa mwanamume aliyekubali kila kitu. Aibu yote uliibeba wewe. Mimi nikaja juu, nikakutumia ujumbe wenye maneno ambayo sitayarudia hapa. Unayajua. Hukunijibu hata mara moja.

Sasa nikupe habari. Naoa Jumamosi. Anaitwa Devota, huenda kwa boti kununua dagaa Kagunga na kuwauza Kibirizi, na ana mdomo kama wako. Ni Mkatoliki asiyekosa jumuiya. Rozari na simu vyake hukaa mfuko mmoja, na simu ikiita lazima kwanza avitenganishe. Baba yake ni Mzee Gervas, mstaafu wa reli.

Miezi mitatu iliyopita tuliitwa kwa katekista, tukapewa karatasi za maswali, kila mtu ajaze yake. Swali moja lilitaka kujua kama naamini mafundisho ya Kanisa. Jingine, kama nasali. Kaka yake Devota alikuwa ameshanipa maelekezo: "Shemeji, andika ndiyo kote. Sote tuliandika ndiyo." Nikashika kalamu. Nina miaka arobaini, Zaituni. Nilijua kwamba nikiandika ndiyo nimeoa, na nikiandika kingine naweza kumkosa na huyu. Ndipo nikakusikia ukiniuliza ile ndiyo namwambia nani. Safari hii sikucheka. Nikaomba ruhusa, nikamvuta Devota nje.

"Sijui kama naamini," nikamwambia. "Naandika nini?"

"Andika hivyo hivyo."

"Watatukatalia."

"Kwani ulidhani sijui? Mtu anayesali hashoni Jumapili saa nne asubuhi." Alikuwa anatabasamu, kisha akaacha. "Mimi nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nilishaanza kuogopa kwamba utanioa kimya kimya."

Nikarudi ndani, nikaandika "sijui" mara mbili, kwa mwandiko mzuri.

Katekista alikasirika, simlaumu. Akampigia Mzee Gervas, na jioni ile nikaitwa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniangalia viatu.

"Nina wakwe wawili kabla yako," akasema. "Wote waliandika ndiyo. Mmoja nilimwona kanisani siku ya harusi yake, sijamwona tena." Akakohoa. "Watoto utawazuia?"

"Hapana, Mzee. Nguo zao za komunyo nitawashonea mwenyewe."

"Wakikuuliza?"

"Nitawaambia mama yao anaamini, na mimi sijui."

"Hilo silipendi."

"Najua, Mzee."

"Silipendi," akarudia. "Lakini nimelisikia." Akamwita Devota alete chakula. Tulikula ugali wa muhogo. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa padri kuniombea nafasi ya kusikilizwa. Padri alinihoji karibu saa nzima, akaandika barua kwa wakubwa wake, tukangoja, na ruhusa ikaja.

Usije ukadhani nimegeuka jiwe. Tulipokuwa tunangoja hiyo ruhusa, Devota alichelewa kurudi kutoka Kagunga. Upepo ulikuwa umechafua ziwa tangu asubuhi, simu yake haipatikani. Nilisimama Kibirizi mchana kutwa pamoja na kina mama waliokuwa na watu wao kwenye boti ile. Wengine walikuwa wanasali kwa jina la Yesu, wengine wanasoma dua. Nikajisikia nasema, "Mrudishe." Nililisema kwa sauti, hata mama mmoja akaitikia amina. Boti ikaingia saa kumi, Devota akashuka amelowa, anadai chai. Sijui lile neno nilimwambia nani. Nimelifikiria sana. Siwezi kulikana, kwa sababu lilitoka moyoni, na siwezi kulifanya imani kwa sababu tu boti ilifika. Nilimweleza Devota hivyo hivyo. Akasema inamtosha kwa sasa, na yeye ataendelea kuniombea nipende nisipende. Naye anajua kwamba napenda.

Hivi ndivyo ninavyoishi sasa, Zaituni, na naishi vizuri. Adhana ikilia natulia kuisikiliza kwa sababu ni nzuri. Dada Yustina akisali kwenye simu namngoja amalize. Mtu akiniuliza unasali wapi, namjibu, na kama ana muda tunazungumza. Wateja hawakukimbia. Mmoja tu alichukua kitambaa chake, na naye alirudi kabla ya Pasaka, maana fundi aliyemwendea alimharibia mabega.

Kwa hiyo nafuta kauli yangu mbele ya wote walioisikia. Dini haikuninyang'anya mchumba. Nilimpoteza mwenyewe, kwa kutaka kumpa neno ambalo ndani yake sikuwemo. Wewe ulilichukulia neno langu kwa uzito siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nalitoa bure, na ukakubali kufokewa na kusemwa kuliko kulipokea likiwa tupu. Nilikutukana kwa hilo. Nisamehe. Nimechelewa, na najua huna deni la kunijibu.

Mfikishie mumeo salamu zangu za heshima. Baba yako ukimpigia, mwambie fundi anamshukuru kwa ile kahawa. Na ukiswali, ukinikumbuka, niombee. Sitakataa.

Jumamosi padri ataniuliza kama namkubali Devota awe mke wangu, nami nitajibu ndiyo. Devota ameshanisikia nikisema "sijui" siku ambayo neno hilo lingeweza kunikosesha yeye. Kwa hiyo hatahitaji kuniuliza ile ndiyo namwambia nani.

Aliyekuwa mchumba wako,
Fundi wa Mwanga, Kigoma