Ukuta wa Mahakama Umepona

Nyumba ya Wageni ya Kengele,
Cwm Hafesb,
Wales.
19 Oktoba 1997

Mpendwa Baba Mdogo Emrys,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo wako unaendeleaje huko Nyuzilandi, na Mama Mdogo Beryl hajambo? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake haujapata maradhi yoyote. Kwenu kondoo wanazaa sasa, kwetu mvua imeanza na moshi wa jiko umerudi kukaa ndani.

Nianze na la mwisho ili moyo wako utulie: nyumba haibomolewi. Nimeandika sentensi hiyo huku nikicheka peke yangu, maana tangu Aprili sijalala vizuri.

Mkaguzi wa majengo alikuja baada ya Pasaka. Akaona ukuta wa upande wa mto, ule unaobeba boriti za chumba cha mahakama ya zamani huko juu, umefanya tumbo kubwa chini ya madirisha matatu. Akafunga ghorofa yote ya juu, benchi la mahakimu na kila kitu, akatupa muda hadi mwisho wa Septemba. Tusipoutengeneza, ukuta ungeshushwa, na ukishuka huo paa lingefuata. Tungebaki na baa ya chini na chumba cha mahabusu tunamowekea mapipa ya bia. Baba alisema wazi kwamba hapo angefunga milango.

Ifor mwashi aliugonga mara tatu tu kwa nyundo, akasema mawe hayana kosa, kosa ni plasta ya saruji. Ukuta wa zamani unahitaji chokaa, upumue. Saruji imefungia maji ndani miaka yote hii. Ibanduliwe, basi.

Baba akakataa. Unajua kwa nini? Kwa sababu uliipiga wewe, kiangazi kile cha mwisho kabla ya kuondoka, ulipoapa kwamba hutashika tena brashi ya chokaa kila mwezi wa Mei maishani mwako. Tulimbembeleza, tukamkasirikia, Mama akamnunia wiki nzima. Jibu lilikuwa moja: "Kazi ya Emrys haiguswi." Mtu ambaye hajakuandikia hata mstari mmoja kwa miaka ishirini na sita! Nilitaka kulia, Baba Mdogo, na siku nyingine nililia.

Kilichomgeuza ni mkutano wa kondoo waliopotea, mwishoni mwa Septemba. Unakumbuka unavyofanywa: wachungaji wa bonde zima wanakaa juu mahakamani, Non Prydderch anafungua kitabu cha alama za masikio, kila mmoja anaondoka na kondoo wake. Safari hii juu kumefungwa, kwa hiyo walisimama uani, mvua ikiwapiga, kitabu kimefunikwa kwa gunia. Non akakifunga kwa kishindo, akamgeukia Baba.

"Gwilym! Babu zetu waligawana kondoo pale juu, miguu mikavu. Leo tunagawana uani kama wezi. Kisa nini?"

"Ni kazi ya ndugu yangu ile."

"Ndugu yako hajafa! Ana kondoo elfu mbili na kitambi. Unamwekea matanga ya nini?"

Watu waliangua kicheko, hata mbwa wakabweka. Baba hakucheka. Aliingia ndani, nikadhani amesusa, kumbe amefuata nyundo. Akapanda mwenyewe ngazi ya Ifor, na umri wake ule, akapiga pigo la kwanza.

Plasta ilianguka vipande vikubwa kama milango. Nyuma yake mawe yamenyooka, hayajasogea hata kidole. Tumbo lote lilikuwa la saruji yako, Baba Mdogo, iliyojitenga na ukuta zamani ikabaki inaning'inia! Ifor alikaa chini kwenye tope akamshukuru Mungu. Mimi nilimkumbatia Non, naye hapendi kukumbatiwa.

Juu kabisa, chini ya paa, tulikuta alama ya kiganja chako na mwaka 1971. Baba alikikata kipande hicho kwa patasi, taratibu, asubuhi nzima. Sasa kiko mahakamani kwenye benchi la mahakimu, na jana nilimkuta ameweka mkono wake juu yake. Mkaguzi alirudi Ijumaa akatia sahihi. Kondoo wamegawanywa ndani.

Mama anakusalimu sana, na Ifor, na Non, ambaye anauliza kama kitambi ni cha kweli. Msalimie Mama Mdogo Beryl na watoto. Mungu awalinde nyote na awape malisho mema.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda siku zote,
Lowri

Baba amesoma barua hii kisha akaomba kalamu. Yafuatayo ni maneno yake:

Emrys, plasta yako ilikuwa mbaya sana. Ukuta ni mzima. Tunapaka chokaa mwezi wa Mei, na brashi yako ipo. Gwilym.