Meno ya Maji ya Lafey

Mshauri wangu mpendwa, Eedo Bishara, shangazi yetu sisi wasomaji wote, asalaam aleikum. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na ukisoma nilichofanya usinitupe, maana huku Waberi, hapa Garissa, sina wa kumwambia, majirani zangu wote ni watu wa ukoo na neno likitoka kwangu asubuhi, adhuhuri liko msikitini.

Mimi ni mjane mwenye watoto wanne, niliishia darasa la tano kwa hiyo nisamehe mwandiko. Kijana wangu wa kwanza, Shuaib, anafanya kazi ya stoo katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, kule Dadaab, na huko ndiko alikompata Warsan, binti wa Kulow muuza mbuzi, msichana anayefundisha watoto Kurani na mwenye adabu mpaka unaona haya mbele yake, na alimwona mwenyewe, akampenda mwenyewe, akanituma mwenyewe, wazee wakaenda, gabbati ile zawadi ya kukubaliana ikapokelewa, nikaha ikapangwa mwezi wa Shaaban mwaka huu wa tisini na tisa. Sasa ofisini kwao kuna kompyuta inayopeleka barua Nairobi na Kanada kwa dakika moja, na vijana wakimaliza kazi hukaa hapo kuandikiana na wenzao mambo ya sura za wasichana, kisha wanayachapa kwenye karatasi na kuyaleta mpaka Garissa kama barua ya serikali. Msichana mzuri wanamwita "fulu skrini", wa katikati "nusu skrini", na wasiyempenda wanamwita "ero", ndilo neno ambalo mashine huandika ikishindwa na kazi. Na ungewaona hao wanaopima watu, Eedo, kiongozi wao anaitwa Maow, shingo yake kama ya mbuni na ndevu zake ni nne, nimezihesabu.

Warsan wamemwita ero kwa sababu ya meno. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo tu ya mpaka wa Somalia, na kisima walichonywea ni kile kile chetu cha upande wa Lafey, yale maji yanayogeuza meno ya mtoto kuwa rangi ya chai. Nayajua kwa sababu ndiyo niliyokulia, na meno yangu ni hayo hayo. Marehemu mume wangu aliniita Ilkacase, yaani meno mekundu, hata mbele ya wageni, na mimi nilimwita Dheere kwa urefu wake, na kwetu hilo si tusi, ni jina. Lakini hili la kompyuta si jina, ni kumwambia mtu kwamba ameharibika.

Shuaib alikuja likizo, akakaa mkekani, akasema, "Hooyo, siwezi. Wasee wa ofisini wananicheka. Nikipita tu wanasema ero, ero."

Nikamuuliza, "Kwani meno yake umeyaona jana?"

"Niliyaona zamani. Lakini sikujua ni mabaya."

"Na yangu?"

Akatazama chini. "Wewe ni mama. Wewe huhesabiwi."

Akaniomba niseme kwamba niliswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu mwongozo, nikaota vibaya, kwa sababu hapo hakuna wa kubisha, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea huruma, nikatuma mtu kwa Fatumo, mama wa binti, amwambie nimeswali siku tatu na nimeona giza. Sikuswali. Sikuona kitu. Fatumo akanijibu kwa mtu yule yule: "Kama Mola ndiye aliyekataa, sisi ni nani. Tunamshukuru mama Shuaib kwa kutuombea." Tangu siku hiyo nikicheka naziba mdomo kwa mtandio, hata mbele ya watoto wangu. Ijumaa hiyo ya mwisho wa mwezi wazee wanakwenda Ifo kuvunja uchumba. Je, ninyamaze kijana apate anayemtaka, ama nifanye nini?

Ni mimi dada yako katika dini,
Sado, Waberi.

Eedo Bishara anajibu:

Sado, majina nimeyabadilisha yote, hata la kijana wako, ingawa yeye hakustahili. Gazeti linatoka Jumanne, kwa hiyo una siku moja ya kulia. Lia haraka.

Tuanze na hao wapimaji. Baba zetu walipotaka kuoa waliuliza dini, ukoo na tabia. Leo mwanamume mzima, anayepokea mshahara, amepeleka macho yake kwa Maow yakaguliwe. "Sikujua ni mabaya." Maneno hayo nimeyasoma mara tatu. Mchumba alimpendeza mpaka alipopewa karatasi. Na hayo meno meupe anayojivunia si kazi yake, ni kazi ya maji ya mto Tana aliyokulia hapo Garissa. Ungemlea kule kisimani kwenu angekuwa ero wa kwanza kwenye orodha.

Lakini haya majina yetu nayo usiyasafishe sana. Ilkacase halikukuuma kwa sababu aliyelisema alikupenda. Mimi nilikuwa na kaka aliyechechemea, na tangu utotoni watu walimwita Jiis, mchechemeaji, wakacheka naye miaka arobaini, na mimi nikiwemo. Alipougua alituomba tumwite Abdisalam. Ikabidi tukumbushane kwamba ndilo jina lake. Vijana hawakufundishwa na mashine kuuchezea mwili wa mtu. Walitusikia sisi. Mashine imewaongezea mwendo tu.

Hayo yote ni madogo mbele ya uliyoyafanya wewe. Maow amesema meno ya Warsan yana rangi. Wewe umesema Mwenyezi Mungu hamtaki. Karatasi ya Maow wiki ijayo itafungiwa sukari dukani, lakini istikhara yako itamtangulia binti huyo kila mlango. Nani atamposa msichana aliyeotewa giza? Na mama yake amekushukuru.

Unauliza kama unyamaze kijana apate anayemtaka. Hajui anayemtaka. Akamwulize Maow.

Fanya hivi. Tubu leo, bila shahidi. Alhamisi panda basi ya Dadaab, Shuaib akiwa kando yako, kabla wazee hawajaondoka. Usitume mtu. Uongo uliutuma, ukweli upeleke mwenyewe. Kaa mbele ya Fatumo na Kulow useme: sikuswali, sikuona giza, nilidanganya kwa ajili ya mwanangu. Usilie hapo, machozi yatawalazimisha wakuonee huruma kabla hawajamaliza kukasirika. Kisha Shuaib aeleze sababu yake kwa mdomo wake, Warsan akisikia. Kama anaweza kulitamka neno ero mbele ya baba wa binti, avunje, na gabbati ibaki kwao. Kama hawezi, aombe radhi, kisha anyamaze, kwa sababu mwenye haki ya kuvunja sasa ni Warsan peke yake. Akisema hapana, rudini nyumbani na usimtafutie Shuaib mtu mwingine wa kumlaumu.

Na huo mtandio, ukifika Ifo uondoe mdomoni. Fatumo na mumewe walikunywa maji ya kisima kile kile, binti yao pia, na wewe. Mle ndani mwao Shuaib ndiye atakayekuwa na meno meupe, peke yake. Mwacheni akae hivyo kidogo.