Walichoacha Nguruwe Pori

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Sisi wazima, babu yako bado anagombana na kuku. Unauliza kama neno la Kiingereza "devastating", yaani la kuangamiza kila kitu, linafaa kwa kioo cha simu kilichopasuka.

Nilipokuwa msichana hapa Fukayosi, nguruwe pori walifukua muhogo wetu wote, chakula cha mwaka mzima. Baba akaketi chini. "Wametumaliza. Na sisi Waislamu, hata kuwala hatuwezi!"

Jirani yetu, Bi Mwanaidi, alikuja kutupa pole, akaokota shina. "Wamekula mizizi tu, shemeji. Hii miti si ndiyo mbegu? Inuka, tukate tupande."

Tukapanda.

Basi, mama, neno hilo liweke kwa siku ambayo hata cha kupanda hakikubaki. Mimi sijaiona bado, nawe Mungu akuepushe nayo.

Bibi yako