Patipati Nje ya Geti la Bwawa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetia klorini, nimetoa majani kwa wavu. Maji safi. Mwanangu Ouma alinijengea bwawa hili la kuogelea hapa Riat nilipostaafu ualimu, magoti yangu yapate nafuu. Yamepata. Leo barua ya bima. Kampuni haitanipa tena bima ya nyumba mpaka bwawa lizungushiwe uzio wenye geti linalojifunga lenyewe. Hasira imenipanda. Mimi mtu wa ziwa, nimelelewa majini, leo nafundishwa maji na karatasi ya ofisini!

Nimemsomea Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, mama anayenisaidia kazi za nyumbani. Nilitaka tucheke pamoja. Hakucheka. Kasema wana haki. Nimenuna mpaka chai ya saa kumi.

Alhamisi, 7 Agosti

Fundi kutoka Kondele amemaliza. Uzio wa vyuma unanifika kifuani, komeo liko juu, springi inalirudisha geti kwa kishindo. Kila likilia naudhika. Afisa wa bima atakuja Jumatano kukagua.

Wajukuu wamefika kutoka Nairobi na mama yao. Watatu. Kabla hawajanywa hata maji, Nyar Asembo kawapa sheria zake. Hakuna kuingia bila mtu mzima. Na kila anayeingia avue patipati zake miguuni nje ya geti, azipange. Kwao Asembo Bay, anasema, mama anayefua ziwani hawezi kuhesabu vichwa vya watoto vinavyozama na kuibuka. Anahesabu nguo zilizoachwa juu ya mawe. Nguo za wanne, watoke wanne. Nikamwambia hapa si ziwani. Akaendelea kuwaonyesha jinsi ya kupanga.

Jumamosi, 9 Agosti

 Niandike kama yalivyotokea.

Leo tulikuwa na maombi ya kumkumbuka marehemu mume wangu. Akina mama wa kanisa, hema, viti. Njia fupi ya kufika kwenye hema inapita ndani ya uzio wa bwawa. Na huku kwetu mgeni hakuti geti limefungwa. Ni kama kumwambia chakula hakitoshi. Basi nikachukua mtungi mtupu wa gesi, nikazuia geti likae wazi. Nyar Asembo akauondoa. Nikaurudisha. Akauondoa tena. Nikamfokea mbele ya watu, kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Akaenda jikoni kupakua samaki, mtungi nikaurudisha getini.

Sala ya mwisho, macho yote yamefumbwa. Nikasikia sufuria inaanguka. Nyar Asembo alikuwa anakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. Dirisha la jikoni linatazama geti la bwawa, na nje ya geti aliona patipati ndogo za pinki, zimepangwa vizuri. Za Adhis, mjukuu wangu wa miaka minne. Alishika nusu ya sheria, mtoto mtiifu.

Nyar Asembo aliruka majini na leso yake kiunoni na kila kitu. Akamtoa. Adhis akakohoa, akatapika maji, akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Daktari anasema kifua ni kizuri, lakini wanamweka hospitalini mpaka kesho.

Mimi ndiye niliyefungua lile geti. Si fundi, si mtoto. Mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Adhis amerudi. Ametaka chapati.

Nimemwomba Nyar Asembo msamaha. Nilimfokea mbele ya watu, kwa hiyo nimemwomba mbele ya watu, mkwe wangu na akina mama waliokuja kutupa pole. Akasema, "Mwalimu, hukujua."

Nikamwambia nilijua.

Miaka yote ile ya kuita majina ya watoto darasani, sikuwahi kuwahesabu kama anavyohesabu huyu mama. Ana akili, jamani. Na ana moyo. Ningefokewa vile mimi, ningekaa jikoni nimegeuzia dirisha mgongo.

Jumatano, 13 Agosti

Afisa wa bima amekuja, mama mpole mwenye miwani. Alifungua geti, akaliachia, likajifunga. Akatia alama kwenye fomu. Ningeweza kunyamaza. Nikamweleza yote, pamoja na mtungi. Akaweka kalamu chini. Akasema geti lililozuiwa ni sawa na hakuna geti. Kampuni isingelipa. Na hata ingelipa, ingelipa nini? Ataandika nilichomwambia, wakubwa wake waamue. Sawa.

Kisha akaomba kuonana na Nyar Asembo. Alimuuliza maswali mengi, na habari ya patipati akaiandika yote, pale kwenye nafasi ya maelezo mengine. Nilijivuna kana kwamba ni binti yangu.

Jioni nimeenda kunyoosha magoti. Nimevua patipati zangu nje ya geti, nikazipanga. Geti likajifunga nyuma yangu. Nilipoinua macho, Nyar Asembo alikuwa dirishani, ananihesabu.