Bi M. Si Mjane

Nyahanga, Kahama
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwako Kaka Dominiko,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umenitangulia kuzaliwa, na Mama hakutulea tuwe watu wa kupita bila salamu. Hujambo huko Mwanza? Mchumba wako naye hajambo? Sisi huku tu wazima. Mwanangu Limi alikuwa na mafua wiki iliyopita, sasa amepona na ameanza tena kukimbiza kuku wa jirani. Baba goti linamsumbua lakini hakubali kukaa. Tangu Jumatano yuko juani Ushirombo, anasimamia watu wanaofyeka uwanja kwa ajili ya sherehe yako ya kuhitimu Jumamosi hii. Mama ni mzima.

Ujumbe wako niliupata. Umeniomba nikuandikie hotuba ya kuwasomea wageni, kurasa mbili, iwe na ucheshi kidogo, imtaje Baba, imtaje paroko, na mwishoni uwape vijana wa kwetu neno la kuwatia moyo kuhusu kujituma. Ukamalizia kwa kusema, "Wewe unajua ninavyoongea." Hotuba hiyo sitaiandika. Nakuandikia barua hii badala yake, na nitampa kondakta wa basi la asubuhi aikabidhi mkononi mwako, maana simu yangu siku hizi unaipokea pale tu unapokuwa na shida. Naomba uisome hadi mwisho. Najua si mazoea yako.

Baba anawaambia watu kwamba wewe ndiye uliyechaguliwa na kampuni kwenda Ulaya kusomea MBA. Mimi na wewe tunajua jinsi ilivyokuwa. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza nafasi moja, tukafanya mtihani watu kumi na mmoja, wewe ukitoka ofisi ya manunuzi na mimi nikitoka stoo ya vipuri. Jina la kwanza kwenye karatasi ya ubaoni lilikuwa Serafina Ngassa. Lako lilikuwa la pili. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Baba akapanda basi kutoka Ushirombo hadi Kahama, akaingia ofisini kwa meneja wetu Bwana Maduhu na kofia mkononi, akasema familia imekaa na kuamua kaka atangulie, dada atafuata mwaka unaofuata. Familia gani ilikaa? Mimi niliitwa tu kusaini barua ya kujitoa. Wewe ndiye uliyenipa kalamu. Ukanishika bega ukasema mwaka mmoja si kitu, utanifungulia njia. Mwaka uliofuata kampuni haikutoa nafasi yoyote, nawe hukuwahi hata kuuliza.

Hukumaliza miezi miwili huko kabla hujaniandikia kwamba somo la takwimu linakuua, nikusaidie zoezi moja tu. Nilikusaidia. Sitasema ulinilazimisha. Nilikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na siku uliponitumia neno la siri la maktaba ya chuo nilihisi kama nimefunguliwa dirisha. Zoezi moja likawa matatu, matatu yakawa muhula mzima. Nilisoma masoko, nikasoma uongozi, nikasoma mambo ya mikakati, huku nimempakata Limi. Niliporudi kazini niliandika saa za chakula, nyuma ya rafu za mikanda ya mitambo, na Jumapili nikitoka misani. Hata kazi ya maadili ya biashara niliiandika mimi, ukapata alama ya juu kuliko darasa zima. Ulinipigia ukicheka. Nami nilicheka, Kaka. Kicheko hicho ndicho ninachokionea aibu leo kuliko chochote.

Ningeweza kuendelea hivyo, na pengine ungefika hata uzee bila kusikia neno kutoka kwangu. Lakini ulikuja nyumbani Krismasi. Baba alialika wazee, ukakaa katikati yao na koti lako, ukawaeleza namna dunia inavyoendeshwa. Mimi nilipopita na maji ya kunawa nikasema kwamba bei ya mpunga Ushetu haipangwi na mkulima wala mnunuzi, inapangwa na mwenye lori. Ukanisimamisha mbele ya wazee ukaanza kunifundisha maana ya ugavi. Ulikuwa unanisomea aya zangu mwenyewe, na ulizikosea. Halafu ukamwambia Baba kwamba ukipata ofisi kubwa utanitafutia nafasi ya ukarani, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Baba akakushukuru. Nilirudi jikoni, nikamsaidia Mama kupakua.

Ndipo nikapanga jambo, na hili nalikiri kwako kwanza kabla ya lile kubwa. Ulikuwa umeniachia tasnifu nzima, kuanzia kichwa cha habari. Nikachagua kuandika juu ya biashara ndogo zinazofuata wachimbaji, na sura ya nne nikaijaza habari za mwanamke mmoja niliyemwita Bi M. Nilikutega. Nilitaka nijue kama utasoma.

Sura hiyo inasema Bi M. alianza kupeleka wali na maharage kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kwa baiskeli. Inasema kila palipozuka rashi mpya, watu wakikimbilia dhahabu iliyoonekana, alikuwa wa kwanza kufika, na wachimbaji walipohama naye alihama, kwa hiyo hakununua sufuria hata moja isiyoenea kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Inasema ana kovu la uji wa moto kwenye mkono wa kushoto, la siku duara lilipotitia watu wakakimbia wakimkumba. Na inasema biashara yake haikukua kwa miaka sita mfululizo, si kwa kukosa wateja, bali kwa sababu kila Januari aliutoa mtaji wote akampeleka kifungua mimba wake shule ya bweni, akarudi kuanza na kilo tano za mchele. Nilimhoji siku nne. Nilimwambia ni kazi ya masomo, na hakuuliza ya nani.

Kaka, mkono ule ndio uliokulisha. Ni Mama yetu Mbuke, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Dominiko.

Unakumbuka siku ya kuitetea tasnifu, mwezi wa tatu. Chuo kilikuruhusu kufanya kwa video kwa kuwa ulikuwa huku eti unakusanya takwimu. Ulikodi chumba cha mikutano kwenye gesti ya hapa mjini, ukaniketisha upande wa pili wa meza, nyuma ya kompyuta, nisionekane, na daftari la kukuandikia majibu kwa herufi kubwa. Nilikaa. Yule profesa wa kike mwenye miwani alianza kwa kusifu sura ya nne. Akasema katika miaka yake ya kufundisha hajakutana na mtu kama Bi M., akakuuliza ulimpataje. Niliinua kalamu nikuandikie, lakini hukuniangalia. Ulijibu mwenyewe kwamba ni mjane mmoja wa Chato uliyeelekezwa kwake na dereva wa bodaboda.

Mjane! Na Baba siku hiyohiyo alikuwa kanisani Ushirombo akikuombea.

Profesa akauliza swali la pili, na sauti yake ilikuwa ya upole. Akataka kujua yule mtoto wa kwanza, aliyemeza mtaji wa mama yake miaka sita, alikuja kuwa nani. Daftari lilikuwa mbele yangu, na sikuandika kitu. Nilikutazama usoni. Bado nilikuwa nakupa nafasi. Ukacheka kile kicheko chako cha ofisini, ukasema, "Profesa, watoto wa namna ile kwetu huishia vilabuni. Ule ni mtaji uliopotea. Mama kama yule angefunzwa hesabu kidogo asingefanya kosa hilo."

Profesa hakucheka. Aliandika kitu, akampisha mwenzake. Baada ya saa nzima wakakuambia umefaulu. Ukatoka nje kumpigia Baba, ukaniacha nikikunja nyaya.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Nilimkuta Mama anachagua mchele uani. Nikamsomea sura ya nne yote, nikimgeuzia kwa Kisukuma sentensi kwa sentensi. Alisikiliza bila kuacha ungo. Mahali pawili alinisahihisha. Nilipomaliza akanishukuru, "wabeja", kama mtu aliyeletewa kitu chake kilichopotea. Kisha akauliza karatasi hizi zilisomwa na nani, nikamwambia kila kitu: mtihani wa kampuni, mazoezi yote, daftari, gesti. Akataka kujua ulimjibu nini profesa kuhusu yule mtoto. Sikutaka kusema. Akauliza mara ya pili, nikasema. Akauliza kama profesa naye alicheka. Nikamwambia hapana. Akasema, "Afadhali." Akaendelea kuchagua mchele, lakini niliona anarudisha mawe kwenye ungo na kutupa punje.

Niliporudi Kahama nilikiandikia chuo. Niliwatumia rasimu zote zikiwa na tarehe, meseji zako zote, na picha ya daftari. Sikujificha: niliandika kwamba mimi ndiye niliyefanya udanganyifu pamoja nawe kwa miaka miwili, na kwamba sistahili kupokelewa chuoni kwao sasa wala baadaye. Wamenihoji kwa video mara mbili. Wamesema watakuandikia wewe Alhamisi hii, na kwamba shahada haitatolewa. Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa Bwana Maduhu nikamweleza pia, kwa sababu kazi nyingi niliziandika kwenye kompyuta ya stoo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba funguo. Nilizitoa. Kwa hiyo usinipigie kunitishia kazi yangu, sina tena.

Nawe usiwaambie watu nimefanya hivi kwa kupenda haki. Ningependa haki ningesema mwaka wa kwanza. Nimefanya kwa hasira, na hasira yenyewe haijaisha ninapoandika haya. Kama ungesoma sura moja tu, Kaka, moja kati ya zote nilizokuandikia, ukanyanyua simu ukasema "Serafina, huyu si Mama?", ningekufa na siri hii.

Baba hajui. Hilo nimekuachia wewe. Ng'ombe ameshatolewa zizini na anafungwa peke yake, turubai zimekodiwa, na paroko ameahidi kuja na masista wawili. Nilimwambia Mama kwamba ingekuwa heri kuahirisha, wageni waarifiwe mapema. Amekataa. Amesema watu walioalikwa hawarudishwi na njaa, sufuria zitapanda jikoni kama ilivyopangwa na yeye mwenyewe atapika. Ila amesema mtu wa kusimama na kuwaeleza wageni karamu wanayokula ni ya nini, ni wewe, na kwamba siku hiyo atatoka jikoni, atakaa kiti cha mbele, apate kukusikia vizuri.

Msalimie mchumba wako. Mwambie sina neno naye, na kama hatakuja Jumamosi nitaelewa. Limi anakusalimu, ingawa hajajua bado kutamka jina lako.

Mimi mdogo wako,
Serafina Ngassa