Mguu wa Kushoto wa Nathalie

Mwaka umetimia, Nathalie, tangu ile Jumapili ya mwezi wa pili. Maji ya mto yameshuka tena, mchanga umetokeza tena mahali pake chini ya maporomoko, na watoto wamekwisha kufunga wavu. Wewe tu hupo.

Voleboli uliianzia pale pale, ukiwa na miaka tisa. Kamba za kuchorea kiwanja ulizichukua kwa mjomba wako, tonton Médard, zile kamba za msituni ambazo Wagenia, wavuvi wa maporomoko, hufungia mitego yao ya samaki. Siku alipozikuta zimelala mchangani, pembe nne sawasawa, alishika kiuno. "Weye mutoto, samaki wataingia wapi sasa? Mu voleboli yako?" Ukamjibu, "Na wao waje kucheza, tonton. Tuko wawili tu, nafasi iko." Alicheka mpaka akakuachia kamba. Siku hiyo sombe, majani yetu ya mihogo, ililiwa bila samaki.

Kila jioni ulirudi na mchanga mpaka ndani ya masikio, ukanyoosha miguu yako mapajani mwa bibi yako, koko Philomène. Alipasha mawese kidogo ndani ya kopo la maziwa, akakukanda kuanzia kisigino mpaka goti, polepole, kama alivyowakanda wavuvi wa ukoo walipotoka majini. Mashuka yote ya nyumba yalikuwa na alama nyekundu za mawese. Mama yako Ursule aligomba, mwisho akachoka.

Miguu hiyo ilikupeleka mbali. Kwanza Kinshasa, pamoja na Jemima, mwenzako, maana voleboli ya mchanga ni ya watu wawili na hakuna wa kukaa badala yako. Halafu Moroko, Kameruni, na mwisho mkataba wa miezi sita Brazili. Ulikuwa unalipwa kwa kucheza mchangani. Koko hakuacha kulieleza jambo hilo sokoni Mangobo, na wamama wa mihogo hawakuacha kumbishia.

Mshahara wako wa kwanza ulimletea tonton furushi zima la kamba za nailoni. Hajatumia hata moja. Anasema samaki hawaziamini. Zimetundikwa ukutani kwake mpaka leo, na mtu akizigusa anakasirika.

Tunakumbuka pia zile ishara zenu za vidole nyuma ya mgongo, za kumwonyesha Jemima utakavyozuia mpira. Nyumbani ulimfundisha koko ishara nyingine. Kidole kimoja, alete chai. Viwili, mgeni amekaa sana. Tonton Médard alionyeshwa viwili mara nyingi kuliko anavyojua.

Ulirudi kutoka Brazili Alhamisi, baada ya siku mbili za ndege na za kungoja ndege. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, una joto. "Ni safari tu, koko. Unikande kama zamani." Alikukanda Ijumaa. Jumamosi alikukanda tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu uvimbe haukushuka. Ulisinzia hapo hapo mapajani mwake, ukitabasamu.

Jumapili ulikuwa unajiandaa kwa misa. Uliinama kuvaa viatu, ukasema, "Koko, pumzi iko inakataa." Kaka yako Bonheur alikupakia kwenye pikipiki, koko nyuma akikushikilia kwa mikono miwili. Mlipofika hospitali ulikuwa umekwisha kutuacha, una miaka ishirini na saba.

Daktari alieleza kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mguu, kwa kukaa sana safarini, na kipande kikapanda mpaka kwenye mapafu. Koko akamwuliza juu ya kukanda. Daktari akakunja karatasi yake. "Mama, labda kukanda kulisukuma ile damu. Labda ingepanda yenyewe tu. Hakuna mutu atakuambia kweli."

Nyumbani hatulitaji neno hilo. Koko akilianza, tunamkatiza: "Ulifanya kwa upendo, bon, uache." Lakini haliachi. Ndiyo maana ameomba liandikwe hapa, ulisikie wewe, na majirani walisome: alikukanda, na hajui. Jioni anaiuliza picha yako ukutani, ile ya medali. Unatabasamu tu, kama Jumamosi ile.

Kopo la maziwa lilikaa juu ya kabati mwaka mzima, mdomo chini. Juma lililopita Jemima alitoka mchangani kuwafundisha watoto, akaingia akichechemea. Aliketi, akaweka mguu mapajani mwa koko bila kuuliza, kama mlivyozoea nyote wawili. "Kifundo tu, koko. Nilikanyaga mubaya."

Koko aliinuka, akapasha mawese, akarudi, akaupokea mguu tena. Alichovya vidole. Mikono ikabaki hewani, mafuta yakitiririka mpaka kwenye viwiko na kudondokea kikwembe alichojifunga kiunoni, na haikuweza kushuka.

Jemima alingoja. Halafu akasema, "Bon, koko. Tukae tu hivi." Hakuuondoa mguu wake. Wakakaa hivyo mpaka mafuta yakapoa ndani ya kopo.

Tunaokulilia: koko yako Philomène, mama yako Ursule, kaka yako Bonheur, tonton Médard na watu wake wote wa maporomoko, na Jemima, aliyebaki peke yake upande wenu wa wavu.

Maji yapande, maji yashuke, Nathalie, tutakukumbuka daima.