Jina la Kwanza Kwenye Fomu

Fereej Bin Mahmoud,
Doha, Qatar.
6 Novemba 2009

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Muheza, na lile goti lisikusumbue sana sasa vuli ilipoanza. Mimi mwanao nakula, nalala, kazini naenda. Kama kuna kinachoniuma, si cha kumpelekea daktari.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimempa Fatuma wa Pangani, yule anayefanya kazi za ndani huku mtaa wa Abu Hamour, anarudi likizo, akuletee mkononi. Simu yako unaiweka sauti kubwa, jirani wote wanashiriki. Hili nataka ulisome peke yako kwanza. Nashukuru ulivumilia masomo ya ngumbaro hata Baba alipokucheka.

Mama, tangu hii homa ya nguruwe izagae duniani, Doha imekuwa mji mwingine. Wenyeji wa huku desturi yao wakikutana hugusanisha pua. Sasa kila mmoja anaweka mkono kifuani kwa mbali, utadhani waligombana jana. Pale mlangoni pa hoteli ninapolinda, mgeni hapiti kabla sijamwekea dawa viganjani, nami nashinda nimejifunga kitambaa puani na joto lenyewe unalisikia. Kwenye nyumba ya wafanyakazi tulikatazwa sinia. Ramadhani nzima tulifuturu kila mtu na sahani yake, tumepeana migongo. Futari haikuwa na ladha.

Ikaja na amri ya kupimwa joto kila asubuhi kabla ya kupanda basi. Msimamizi wa nyumba yetu, Japheth, Mkenya wa Kisumu, akanikabidhi mimi kipimo cha kutia sikioni na fomu ya kuandika majina. Anayezidi thelathini na nane haendi kazini, anapelekwa nyumba ya kutengwa. Usinicheke, nilivimba kichwa. Watu wazima walikuwa wananiinamishia masikio kila alfajiri, na ilikuwa inasemwa kwamba karibuni nitapewa ukuu wa walinzi.

Wiki iliyopita uliponipigia, uliniambia habari za Amiri tangu kampuni yetu imrudishe nyumbani baada ya homa hii. Ulisema watoto wanamwita Nguruwe, yeye ambaye hata adhana ya alfajiri haimkuti kitandani. Ulisema wazazi wa Zuleikha wamerudisha barua yake ya posa. Kisha ukasema, kwa fahari kabisa, kwamba alipokuja kukusalimia hukumpa hata kikombe cha maji, ulimsimamisha barazani ukamwambia aondoke, kwa sababu alitaka kukuulia mwanao. Mtoto wa kaka yako, Mama. Nami nikaitika, ndiyo Mama, ndiyo Mama, mpaka salio likaisha.

Mama, aliyeanza kuugua ni mimi.

Lilikuwa kumi la pili la Ramadhani. Niliamka mwili unawaka, mifupa inauma. Nikawapima wenzangu wote, na kwenye mstari wangu nikaandika thelathini na sita na nusu bila kukitia kile kidude sikioni. Niliogopa kuukosa ule ukuu. Siku tatu nilifanya hivyo, nikimeza kikohozi kwenye basi lililojaa watu.

Aliyegundua ni Amiri. Hakunisema. Baada ya magharibi aliniletea uji wa mchele wenye pilipili manga, vile unavyoupika wewe. Nikashindwa kuumaliza. Basi akachukua bakuli lile lile na kijiko kile kile, akamalizia mbele yangu, kwa sababu ndivyo ulivyotulea: mgonjwa haachiwi bakuli peke yake akajiona ametengwa. Nilipougua surua ulifanya vivyo hivyo. Mama, mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa kanuni, mimi ndiye mpimaji. Nilipaswa kumpokonya. Lakini nilifarijika, nikamwacha ale.

Siku ya tatu baada ya uji ule kipimo kilisoma thelathini na tisa sikioni mwake, na wengine wawili wakafuata. Ofisi ikataka kujua ugonjwa uliingiaje. Japheth akaniita, na Amiri tunamwona dirishani amekaa uani kajikunyata. Akaniambia, “Hassani, mimi nataka jina moja tu. Ni nani alianza?”

Nikaandika Amiri. Na tarehe ya kuanza homa yake nikairudisha nyuma siku nne, ili iingie akilini kwamba ndiye aliyewaambukiza wale wawili.

Walimtenga siku kumi, Idi ikampita humo ndani. Alipopona akaambiwa miezi yake mitatu ya majaribio haikuwa ya kuridhisha, tiketi hii hapa. Fomu aliisaini mwenyewe, kwa hiyo jina lake aliliona, na mwandiko wangu anaujua tangu darasa la kwanza. Nilimsindikiza uwanja wa ndege nikiwa nimebeba begi lake, maana uso wa kumtazama sikuwa nao. Nilimwomba radhi kwa maneno yasiyoeleweka. Akanijibu jambo moja tu: “Shangazi asijue. Ataumbuka mtaani.”

Ndiyo maana alisimama barazani kwako akayapokea yale maneno yote kimya. Alikuwa anakufichia wewe aibu yangu.

Ukuu wa walinzi niliupata, ule uliowatangazia hadi wanamaulidi. Leo asubuhi nimempelekea Japheth maelezo ya kweli kwa maandishi. Aliyasoma mara mbili, akaniambia nisubiri ofisi iamue. Huenda nikaifuata barua hii kwa miguu yangu, na nikirudi, jina la Nguruwe ni langu.

Sasa nakuomba kitu kigumu. Ukimaliza kusoma, ipeleke karatasi hii kwa Mjomba, uisome kwa sauti. Kisha iende Pangani kwa baba yake Zuleikha. Najua utaumbuka. Amiri alitaka kukuepusha na hilo, mimi nakuomba ulibebe, kwa kuwa yeye amelibeba peke yake vya kutosha.

Nisalimie Mjomba na wote wa hapo nyumbani. Amiri usimpe salamu zangu, bado sijastahili kumsalimia. Mwite tu barazani, mchana, jirani wakiona. Mpikie uji, mle bakuli moja.

Mimi mwanao,
Hassani